Kiti cha Kinyozi

Mnaniuliza sinema ya miaka ya themanini ni ipi.
Ya dunia siijui. Najua ya Ruwi,
nyuma ya mnara wa saa, duka la Kunjumon,
mkanda nambari 312, baisa mia tano kwa usiku,
na ukiurudisha bila kuuzungusha mpaka mwanzo
unalipa baisa hamsini za adabu.

Siku zile rafu zake zilijaa vifua:
majitu ya misuli, bastola, panga zinazowaka,
kila jalada mtu kakunja uso kama anadaiwa.
Huu mmoja ulikuwa unacheka.
Kijana kaketi kwa kinyozi kichaa,
kinyozi anakizungusha kiti kinyume,
mara tatu, mara saba, nywele zinaruka,
kioo kinapasuka mwanga
na kijana yuko mji uleule, mwaka mwingine,
sabuni ingali shavuni.

Ni huo. Msinitajie mwingine.

Alhamisi usiku, kwetu Wadi Kabir,
eisi inakoroma dirishani,
mbaazi za nazi kwenye sinia,
na wote tuliotoka kule wamejaa mpaka mlangoni.
Sauti ya Kiingereza, chini maandishi ya Kiarabu
yanakimbia kama mchwa.
Bibi Ghaniya hasomi haya wala haelewi yale.
Basi Ami Suleyum akasimama kando ya televisheni
akaanza kusema yeye.

Hakufasiri, alihamisha.
Mtaa wa Wazungu akauita Kikwajuni.
Duka la soda likawa la Bohora mmoja mchoyo.
Mwalimu mkuu mwenye kipara akawa Sheha.
Na kinyozi aliposoma mwaka kwenye saa ya kiti,
Ami akameza mate, akasema:
"Sitini na mbili."

Eisi tu ndiyo iliyosikika.

Kisha kijana akakutana na baba yake, naye angali kijana,
mwoga, suruali fupi, akimwona msichana anajificha nyuma ya nguzo,
na Baba yangu akacheka.
Baba, ambaye tangu ashuke Seeb na sanduku moja
alikuwa akitabasamu kwa posho.
Alicheka mpaka akapiga teke birika la kahawa.

Penye busu, mkasi wa wizara ulikwisha pita:
shingo inainama, tap,
kijana yuko ndani ya basi.
Sisi watoto tukadhani kasafiri tena.
"Sasa ni mwaka gani?" akauliza Harith.
Hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, kama mnataka hoja.
Zile nyingine zilitufundisha kulipiza.
Hii ililichukua swali lililofungiwa kabatini
pamoja na hati za nyumba isiyo yetu tena,
ikalivisha kofia ya kuchekesha,
ikaliketisha katikati yetu,
likala mbaazi.

Mwisho kiti kinazunguka kulia.
Kijana anarudi kwao, mwaka wake,
mama yake anamwita mezani.
Watu wakapiga makofi. Bibi hakupiga.
Akavuta leso yake.
"Suleyum, mbona karudi?"
"Ndivyo ilivyo, mama."
"Si wewe uliyekuwa ukisema?
Ungemwacha."

Wageni walipokwenda nikapewa kazi ya kuurudisha mkanda.
Nikabonyeza picha zikiwa wazi.
Mama akameza jina la mwanawe,
vipande vya kioo vikaruka vikajiunga,
basi likaenda kinyumenyume
Kikwajuni nzima, abiria wakishuka kwa visogo.

Nikageuka. Bibi alikuwa bado ameketi gizani,
kipande cha mkate mkononi.
"Polepole," akaniambia.

Mwanzo hatukufika.
Asubuhi Baba alilipa baisa hamsini
wala hakuuliza.